Pakanga ya Tarehe Tano Julai

Rozina alikuwa mtu wa kuvumilia, na mwaka huu uvumilivu wenyewe ndio uliomchoma. Mwaka jana baba mkwe wa binti yake, mzee Ernest, alipofika mbele ya mjukuu wao Kalista na mikono mitupu akasema "meiyou", yaani kwa Kichina hakuna, majani ya kumbandika yamekwisha, Rozina aliamini. Miaka yote aliyonunua nguo za biashara Zhanqian Road, mjini Guangzhou, China, ameambiwa meiyou na wenye maduka huku mzigo umejaa nyuma ya pazia, lakini siku ile akaamini kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Baiyun jana!

Mzee Ernest ni Mmanksi, mtu wa kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ireland. Alikuja Guangzhou kijana, akaoa Mchina, wanawe wakakua wakijua Kikantoni, lugha ya pale, kuliko lugha ya baba yao. Cha kwao alichokishikilia ni tarehe tano Julai, sikukuu ya kisiwa chao. Siku hiyo Wamanksi huvaa kifuani kishada cha majani machungu, majani yaleyale ambayo Wachina huyaning'iniza milangoni kwenye sikukuu ya mashua za joka. Rozina, mzaliwa wa Tanga, aliyaita pakanga, maana yalinukia kama dawa aliyonyweshwa utotoni akiumwa tumbo. Basi mzee hukusanya ukoo hotelini, akawabandika wanawe na wajukuu mmoja mmoja kwa pini. Aliyebandikwa ndiye wa nyumbani.

Safari hii Rozina alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na mzigo wa pakanga unaotosha kulisha mbuzi.

"Mama, usilete mambo," binti yake Nelly alimwambia. Nelly ndiye aliyeolewa na Calvin, mtoto wa mwisho wa mzee.

"Mambo gani? Mimi naleta majani."

Mzee aliyapokea kwa furaha, akashukuru mpaka akainama. Wajukuu wakapanga foleni. Akawabandika watoto wa kaka yake Calvin, waliozaliwa na mama Mchina, huku akiwapigapiga mashavu. Kalista alikuwa wa mwisho, kifua kakitoa mbele, mikono nyuma, kama askari. Mzee akafika kwake, akamshika kichwa, akageuka.

"Haya, tule!"

Rozina akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mkwe," alisema kwa Kichina chake cha dukani, "umemsahau mmoja. Na majani yapo, usiniambie meiyou."

"Huyo ni wa kwenu," mzee akajibu, akivuta bakuli lake la wali. "Mtamfanyia ya kwenu."

"Wa kwetu? Jina lako analo, pua yako anayo, hata hasira akinuna ni zako! Hawa wenzake mama yao ni Mmanksi?"

Kile kioo cha katikati, kinachozunguka na vyakula, kikasimama na samaki akiwaangalia.

"Mwakani," mzee akanong'ona.

"Mwakani! Na wewe Calvin, baba mtu mzima, umeshikilia kikombe kana kwamba kitaruka. Mtoto ni wangu peke yangu?"

Calvin akainuka, uso umemwiva. Akachomoa kishada chake, akapiga magoti mbele ya binti yake. Kalista akafunika kifua kwa viganja.

"Sitaki cha Baba. Nataka babu anibandike."

Mzee akaangalia dirishani.

Rozina hakungoja zaidi. Alimkamata mtoto mkono, akatoka naye hadi barabarani, kwenye joto lililowapiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kalista alikuwa analia kwa hasira.

"Bibi, umeniharibia! Amesema mwakani!"

Rozina angeweza kumbembeleza. Angeweza kusema ndiyo, mjukuu wangu, mwakani. Neno lilifika hadi ulimini akalimeza.

"Hatakubandika, Kalista. Mwakani wala mwaka wowote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mweusi. Hana sababu nyingine. Kosa ni lake, si lako, na mimi nimechelewa kukwambia."

Kalista akajifuta pua kwa mkono. Akageuka kuangalia mlango wa hoteli.

"Kiti changu kiko pale karibu na babu," akasema. "Mimi sijala."

"Unataka kurudi?"

"Nataka kula pale. Aniangalie."

Rozina akausukuma mlango. Kalista akatangulia, akaipita foleni ya wahudumu, akapanda kitini kwake. Akanyoosha mkono, akakizungusha kile kioo mpaka samaki akaja mbele yake, akaanza na shavu, kinofu kitamu ambacho kila mwaka huachiwa mzee.