Printa na Cherehani Chumba Kimoja

Mtaani walimwita Mama Ndege, ingawa hakuwahi kufuga hata kuku. Jina lilitokana na picha. Kila Jumamosi alidamka na kamera yake kwenda bwawani, nyuma ya kiwanda cha matofali, akachutama kwenye matete mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi na mdiria, korongo na bata maji. Picha hizo alizichapa mwenyewe nyumbani, kwa printa ya wino iliyokaa chumba cha nyuma kama mgonjwa aliyelazwa. Haikupigwa jua wala vumbi, na haikuachwa wiki nzima bila kuchapa, kwa maana wino ukilala sana hukauka kwenye vitundu vya kichwa cha printa, na vitundu vikiziba picha hutoka na mistari.

Ndipo mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alipomleta dada yake.

Dada mtu alikuwa ameachika. Alikuja na sanduku, cherehani na pasi. Kaka yake akampa chumba cha nyuma bila kumwuliza mkewe, kesho yake akapanda lori na kuondoka, akawaacha wanawake wawili watafutane ubaya.

Mama Ndege alimweleza mgeni masharti. Kitambaa kikikatwa nyuzi huruka, zikatua juu ya karatasi. Wino ukipita juu ya unyuzi, unyuzi ukadondoka, panabaki doa jeupe kwenye bawa la ndege. Tena printa haizimwi ukutani. Huzimwa kwa kitufe chake, ipate kukirudisha kichwa mahali pake na kukifunika. Wifi yake alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. Alisema ameelewa, kisha akauliza kama huyo mtoto akishanyonya hubebwa mgongoni pia.

Mama Ndege hakucheka. Tangu hapo hawakuchekeana tena.

Ikawa vita ya vitu vidogo vidogo. Mama Ndege akifunika printa kwa shuka, atakuta shuka limekatwa vipande vya kujaribia mshono. Akiweka karatasi za picha zilale bapa ndani ya mfuko wake, atakuta zimesimamishwa ukutani, zimepinda kama ulimi wa kiatu. Naye hakuwa malaika. Alizoa mabaki ya vitambaa vya wifi yake pamoja na takataka, na siku moja alimwambia mteja mlangoni kwamba fundi hayupo, ilhali cherehani ilikuwa ikisikika mpaka barabarani. Walipompigia simu dereva kumshitakia, kila mmoja kwa zamu yake, aliwajibu jibu moja: yuko mlimani, breki zinanuka, wasimchanganye.

Kisha daktari wa zahanati mpya ya watoto akaziona picha za Mama Ndege, akamwomba ampambie ukumbi wa kungojea. Alitaka ndege wakubwa, wa rangi kali, watoto wawatazame wasahau sindano. Mama Ndege alifurahi kama aliyeposwa upya. Kwa siku kadhaa alichapa moja moja bila pupa, akazishika kwa kingo tu, akazilaza mezani zikauke kabla ya kuziweka kwenye fremu. Aliyebaki ni mdiria, na mdiria ndiye aliyempenda kuliko wote, kwa ule mgongo wake wa buluu.

Asubuhi hiyo alianza kumchapa, akatoka kidogo kwenda kununua kioo cha fremu. Aliporudi, mdiria alikuwa amenasa nusu ndani ya printa na taa zote zimezimika. Plagi ilikuwa sakafuni. Kwenye soketi ilichomekwa pasi, bado ya moto, na mwenye pasi alikuwa ameshatoka kumpelekea mteja suruali.

Mama Ndege aliichomoa pasi, akaichomeka printa, akatoa ukurasa wa majaribio. Nyeusi ilikuwa nzima, nyekundu nzima, njano nzima. Buluu ilikatikakatika kama meno yenye mapengo. Aliiamuru mashine ijisafishe, akatoa ukurasa mwingine. Ikawa vilevile.

Hapo damu ilimpanda. Aliibeba cherehani, nzito ilivyo, akaitoa nje na kuitua barazani, akarudi kuchukua vitambaa akavirundika juu yake. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Aliyaona. Upepo ulipoliangusha gauni jeupe kwenye tope, gauni la bibi harusi ambalo lilibakia kupindwa tu, aliliona pia, akafunga mlango.

Wifi yake alirudi manyunyu yakiendelea. Aliliokota gauni, akalitazama, akaliweka chini taratibu. Akaingia ndani na mikono yake yenye tope, akapita mpaka mezani zilipolala picha, akaweka kiganja juu ya korongo na kukiburuta kutoka mdomoni hadi mkiani. Akasogea kwa bata maji, akafanya hivyohivyo.

"Umemaliza?" Mama Ndege aliuliza.

"Bado," wifi alisema. "Mashine hii ikiwa na vumbi unajua. Ikiwa na kiu unajua. Mimi nimeingia humu nimeachwa, nalia usiku ukuta mmoja na wewe, hata siku moja hujaniuliza nimeamkaje."

Mama Ndege alikuwa na majibu, tena mengi. Kwamba aliyelala hapo hakualikwa naye. Kwamba yeye mwenyewe ni nani aliyewahi kumwuliza ameamkaje katika nyumba hiyo. Kwamba kilio alikisikia, ndiyo, akavuta blanketi. Hili la mwisho ndilo lililozuia mengine yote kutoka.

"Ondoka chumbani kwangu," ndilo alilosema.

Wifi aliondoka siku hiyohiyo. Alimwita mwenye mkokoteni, akapakia sanduku, cherehani na gauni lenye tope ndani ya beseni, wala hakuaga.

Mama Ndege alibaki na kazi yake. Alijua asiisafishishe printa mfululizo kwa hasira, maana kila usafishaji hunywa wino na kujaza sponji ya chini inayopokea wino mchafu. Alichukua maji yasiyo na chumvi, yale ambayo mumewe huongezea kwenye betri ya lori, akalowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, akakitandika chini ya kichwa cha printa, akasubiri mpaka jioni. Buluu ilirudi ikiwa na pengo moja. Aliposafisha mara moja tena, pengo likaziba. Mdiria alitoka mzima, mgongo unang'aa utadhani umelowa. Akamchapa upya na korongo. Karatasi zikaisha kabla ya bata maji, na kwa hiyo bata maji hakwenda zahanati.

Daktari alizisifu picha mpaka Mama Ndege akaona haya. Mumewe, aliporudi safari, hakumsifu. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, akaitazama sakafu iliyofagiliwa bila uzi hata mmoja.

"Umemfukuza dada yangu kwa ajili ya printa," alisema.

"Wewe ulimweka humu kwa ajili ya nini?" alimjibu. "Ulimweka ukakimbia."

Mume alikula, akalala, akaondoka kabla ya siku zake za mapumziko kwisha.

Dada mtu alipata kibanda karibu na kituo cha mabasi. Gauni lilifuliwa mara nyingi, lakini weupe wake haukurudi kamili, na habari za gauni hilo zilimtangulia kwa wateja. Wakikutana njiani, mawifi hao husalimiana, maana salamu haimkatazi mtu kuchukia. Mmoja husema habari, mwingine husema nzuri, kila mmoja akashika njia yake.