Neno Kubwa la Suqin

Walimu wenzangu wa Kiingereza hapa mjini Tianshui wataninunia, lakini nasema: sisi tuna ugonjwa wa kupenda maneno makubwa, na mimi ndiye niliyezidiwa kuliko wote.

Kitabu chetu cha kukariri msamiati kimepangwa kwa alfabeti, na neno lake la kwanza kabisa maana yake ni kuacha. Wanafunzi wengi hulitii hilo hilo na kuishia hapo. Mdogo wangu Suqin hakuacha. Alikuwa muuguzi wa zahanati huko milimani, na kwa miaka mitatu alikariri maneno elfu nane, mpaka mlango wa choo ukajaa karatasi: neno la Kichina upande huu, mwenzake wa Kiingereza upande ule. Alitaka kitu kimoja tu, ufadhili wa kusomea uuguzi wa macho ng'ambo. Mama yetu alipofuka kwa presha ya macho sisi tukidhani ni uzee, na Suqin hakujisamehe. Ufadhili huo haupokei mtu aliyepita miaka thelathini na tano, na yeye alikuwa amekwisha kuifikisha.

Wiki moja kabla ya usaili alinisomea maelezo yake. Alikuwa ameandika kwamba alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee habari za macho yao. Nikacheka.

"Hiki ni Kiingereza cha darasa la tatu. Unataka wakuone mshamba?"

"Lakini ndicho nilichofanya, kaka."

"Ulichofanya kina jina lake."

Nikamfungulia ukurasa. Kwetu, kwa Kichina, anayebandika tangazo la chanjo na anayewafundisha watu kunawa mikono wote kazi yao ina jina moja, jina la heshima, limeandikwa hata kwenye milango ya ofisi. Kando yake, upande wa Kiingereza, kitabu kiliandika: propaganda. Suqin akalirudia mpaka likamkaa mdomoni.

Usaili ulifanyika kwa video, sebuleni kwangu, mimi nimekaa pembeni ambapo kamera hainioni. Wasaili walikuwa watatu. Suqin akawaambia kwamba kwa miaka mitatu amewafanyia wazee propaganda. Mama mmoja mwenye miwani akaacha kuandika, akamuuliza polepole kama kweli ndivyo alivyokusudia kusema. Suqin akanitupia jicho. Nikamwitikia kwa kichwa. Basi akaendelea: propaganda nzuri lazima iingie kila nyumba, na wazee mwanzoni hukataa, lakini ukiwarudia rudia mwishowe huamini kila kitu. Wakamshukuru kwa adabu na kufunga kabla ya muda.

Alifurahi kupita kiasi. Alisema yule mama alishtuka kumsikia muuguzi wa milimani akilijua neno zito namna ile, kisha akaenda jikoni kuchemsha tambi. Nikaichukua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ambayo siwapi wanafunzi kwa sababu inawachelewesha. Nilipoisoma maana yake, nikalikagua neno lenyewe herufi kwa herufi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningeweza kuwaandikia wale watu mchana ule ule, niseme kosa ni la mwalimu. Mimi, mwalimu wa miaka kumi na minne kazini! Aibu ikanikaba. Nikairudisha kamusi kabatini, nikala tambi zake na kuusifu mchuzi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Alilisoma kwenye simu akiwa amesimama, kisha akanipa nami nisome. Ilikuwa mistari minne. Walisema wanatafuta muuguzi ambaye wagonjwa wanaweza kumwamini.

"Kaka, lile neno kwao ni tusi?"

"Si tusi. Ni kueneza uongo ili watu wakufuate."

"Ulijua lini?"

Nilitamani kumjibu, "Leo."

"Siku ile ile. Ulipokuwa jikoni."

Hakulia wala hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alivaa koti lake taratibu, maana basi la kurudi zahanatini lilikuwa karibu kuondoka, akanyoosha mkono nimrudishie simu. Akaitazama tena ile barua.

"Maneno elfu nane," akasema. "Na humu hamna hata moja ambalo sikulijua tangu darasa la tatu."