Ukurasa Uliotulia

Ofisini mmoja walimwita Fundi na mwenzake walimwita Madoido, na majina yote mawili yalikuwa yamewakaa. Fundi alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Madoido alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, na hakugusa kitu kikabaki bila pambo. Hata zamu za kufagia aliziandika kwa rangi tatu na kuzizungushia maua.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza tovuti. Walipanga chumba kimoja juu ya duka la kukata vioo, na mchana kutwa mlio wa kioo kikikwaruzwa ulikuwa unapanda ngazi na kuwaingia kwenye meno. Fundi ndiye aliyemfundisha wifi yake kazi hiyo. Miaka minne nyuma mume wake, ambaye ni mwalimu wa udereva, alimwambia, "Mdogo wangu amekaa tu nyumbani, akili inamwozea. Mshike mkono." Akamshika. Alianza naye kwenye kuwasha kompyuta, wakaenda hatua kwa hatua, mpaka siku ile Madoido alipotengeneza ukurasa wake wa kwanza akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

Ndipo akaja daktari wa macho. Alikuwa na kliniki kubwa iliyokuwa haina tovuti, na alitaka moja ambayo, kwa maneno yake, mgonjwa akiifungua aone amefika mahali pa maana. Aliomba waandae pendekezo walipeleke mbele ya bodi ya kliniki.

Kila mmoja akatengeneza la kwake. La Madoido lilikuwa na jicho kubwa linalofumbua taratibu ukurasa ukifunguka, halafu linafumba, halafu linafumbua tena. Maneno yaliingia yakiteleza kutoka pembeni, na picha za madaktari ziligeuka moja moja kama karata. Vyote hivyo vilitegemea plagini kumi na moja, yaani viprogramu vidogo vilivyotengenezwa na watu wengine, ambavyo yeye alivibandika tu kwenye tovuti. La Fundi halikucheza hata kidogo. Juu kabisa palikuwa na namba ya simu kwa herufi nene nyeusi, chini yake siku za kliniki, na chini zaidi maelekezo ya mgonjwa anayesubiri upasuaji. Ulikuwa ukurasa uliotulia. Ukiufungua umefunguka, basi.

"Wifi, hili lako ni tangazo la msiba," Madoido alisema.

"Na lako ni harusi. Mtu anayeumwa jicho harusini anatafuta nini?"

Walicheka wote wawili. Wakati ule bado walikuwa wanaweza kutaniana.

"Lakini sikiliza," Fundi akaendelea. "Hizo plagini kumi na moja zina wenyewe. Mmoja wao akichoka, akaacha kuitunza ya kwake, na letu linaanguka. Halafu fikiria simu za wagonjwa wenyewe. Hilo jicho litamla mtu bando kabla hajaona namba ya simu."

"Wewe unaogopa tu kwa sababu hujui kuchezesha picha."

"Kweli sijui vizuri kama wewe," Fundi alikiri. "Basi tuwaulize wenye macho yao."

Wakaenda kliniki na simu mbili za kawaida, kila moja ikiwa na tovuti yake, wakakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mwashi mmoja aliyefungwa bandeji jicho la kushoto alipewa ile inayocheza aitafute namba ya simu. Akaweka kidole, namba ikateleza. Akaweka tena, picha ya daktari ikageuka. "Hii inanikimbia," alisema, akairudisha. Kwenye ile iliyotulia aliipata namba kabla hata hajakaa vizuri. Mshonaji mmoja alisifu sana lile jicho, akasema ni zuri kama la sinema, lakini alipoulizwa kliniki ya watoto ni siku gani hakujua. Watu ishirini walijaribu. Kumi na saba walifanikiwa kwenye ule uliotulia, na watano tu kwenye ule mwingine.

Wakati wanashuka ngazi za kliniki Madoido alinyoosha mkono. "Haya wifi, umeshinda. Tunapeleka lako."

Walipeana mkono pale pale. Mkutano na bodi ulipangwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Kazi ya kuchapa karatasi za kuwagawia wajumbe aliachiwa Madoido, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mambo hayo.

Jumatano jioni, Fundi akiwa anakagua madaftari ya watoto, mume wake alivua viatu mlangoni akasema, "Mdogo wangu amepiga. Anasema wewe hupatikani. Mkutano umesogezwa mpaka Jumatatu."

"Simu ilikuwa kwenye chaji. Kwa nini umesogezwa?"

"Mjumbe mmoja amesafiri, nadhani."

Fundi hakuuliza tena. Angeuliza nini? Mtu akiambiwa jambo na mume wake sebuleni kwake, hatafuti mashahidi.

Alhamisi alibaki nyumbani akipiga pasi. Saa sita kasoro uliingia ujumbe wa daktari: "Asanteni kwa kazi. Bodi imechagua lile la jicho. Wifi yako ametuambia hujisikii vizuri. Ugua pole."

Aliusoma mara tatu. Mwanzo alifikiri daktari amekosea mtu. Akampigia Madoido, simu ikaita mpaka ikakata. Alikuja kushtushwa na harufu ya kola ya shati la mume wake inayoungua. Akachomoa pasi, akavaa viatu, akatoka.

Kliniki alimkuta karani anakusanya karatasi zilizoachwa mezani. "Umepona mara hii?" karani aliuliza kwa furaha, na Fundi akaomba kuziona zile karatasi. Mapendekezo yote mawili yalikuwamo. La Madoido lilichapwa kwa rangi, limekamilika. Lililoandikwa "Pendekezo la Fundi" lilikuwa rasimu ya wiki ya pili, ile aliyokuwa ameitupa mwenyewe, yenye visanduku vitupu mahali pa picha, na katikati ya ukurasa maneno: "Maandishi yatakuja hapa."

Alisimama pale akiyatazama maneno hayo. Wajumbe tisa wameiona hii, aliwaza, na jina langu liko juu yake.

Ofisini, Madoido alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuwa akimsubiri.

"Tulipeana mkono," Fundi alisema.

"Tulipeana."

"Ungetaka lako lishinde, ungesema tuyapeleke yote mawili. Ningekubali."

"Yangepelekwa yote mawili wewe ukiwepo, ningeshinda?" Madoido hakupandisha sauti. "Ungewaeleza habari za benchi na yule mwashi wako, wangekusikiliza. Wewe unasikilizwa. Mimi miaka minne ni msaidizi. Tukiingia mahali, wewe unapewa kiti, mimi naulizwa kama nimebeba kompyuta."

"Mimi nimewahi kukuita msaidizi?"

"Hukuwahi. Lakini hukuwahi kumsahihisha mtu aliyeniita hivyo."

Hilo lilimwingia Fundi, maana lilikuwa kweli. Lakini halikumponya. "Kwa hiyo ukachukua takataka yangu ukaichapa. Ukawaambia naumwa. Na mume wangu naye ukamdanganya kwamba ni Jumatatu."

Madoido alitazama dirishani. "Yeye sikumdanganya. Muulize mwenyewe."

Chini mkata vioo alivunja kipande, kikaanguka kwenye pipa. Fundi alishuka ngazi bila kuaga.

Mume wake alikuwa uwanja wa mafunzo, akipanga upya vile vikoni vya plastiki ambavyo wanafunzi huviangusha wakijifunza kurudi nyuma. Alipomwona mke wake anakuja kwa miguu akajua.

"Ulijua mkutano ni leo," Fundi alisema.

Mume wake alishika kikoni kimoja kifuani. "Aliniomba. Alisema mara moja tu asimame peke yake, watu wamwone. Ya karatasi sikuyajua, naapa. Mimi nilichojua ni siku."

"Ukaniangalia usoni ukaniambia Jumatatu."

"Yeye ni mdogo wangu. Na wewe una moyo mkubwa, nilijua utaelewa."

"Ningeombwa, ningeelewa," alisema Fundi. "Sikuombwa."

Mwanafunzi aliyekuwa ndani ya gari alipiga honi kwa bahati mbaya, akainua mkono kuomba radhi. Hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata Fundi alihamisha kompyuta yake kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la vitabu vya shule. Hakuenda kwa daktari kulalamika. Angeanzia wapi kumwambia mtu baki kwamba ameuzwa na watu wa nyumbani kwake? Tovuti ya jicho ikafunguliwa na watu wakaisifu. Daktari kwa kuipenda aliacha kugawa vikaratasi vya maelekezo, mgonjwa akiuliza anaambiwa kila kitu kiko kwenye tovuti.

Miezi mitatu ilipita, akapiga simu mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa anatibiwa kliniki hiyo hiyo.

"Mkwe wangu, njoo unitazamie hii simu. Imeharibika, inafumba na kufumbua macho tu."

Fundi alimkuta kitandani, uso umemnyong'onyea. Asubuhi hiyo alikwenda kufanyiwa upasuaji akarudishwa. Alitakiwa aweke matone ya dawa siku tatu kabla, na yeye hakuweka hata tone moja. Kila alipofungua tovuti aliona jicho, na chini ya jicho weupe mtupu. Fundi aliitazama, akaelewa mara moja. Plagini moja ilikuwa imeachwa na mwenyewe, na zilizoitegemea zote zilikuwa zimekwama.

"Wamenisogeza wiki tano," mama alisema. "Wako wengine wawili waliorudishwa kama mimi. Nani ametengeneza kitu hiki?"

Fundi angeweza kusema hajui. "Mwanao," alisema. Kisha akamweleza yote, benchi, karatasi, Jumatatu. Mama mkwe alisikiliza akiwa amefumba macho, na kwenye habari za mwanawe wa kiume alitikisa kichwa polepole.

"Wamekukosea, wote wawili. Sitawatetea," alisema mwishowe. "Lakini niambie. Ulijua kitu hiki kitaharibika?"

"Nilijua, mama."

"Na ulijua mimi natibiwa pale."

Fundi aliizima ile simu, akaiweka pembeni ya mto.

"Basi na mimi umeninyamazia," alisema mama, bila hasira, akageukia ukutani.

Kesho yake asubuhi Fundi alikwenda kwa daktari na ukurasa wake uliokamilika. Daktari aliufungua kwenye simu yake, kisha kwenye simu ya mlinzi iliyopasuka kioo, na kote ukafunguka papo hapo.

"Kwa nini hamkutuonyesha huu siku ile?"

"Ulikuwa tayari siku ile. Aliyekuja ndiye anayejua kwa nini hamkuuona."

Kabla ya adhuhuri jicho lilikuwa limeondolewa na ukurasa uliotulia umewekwa. Jioni Madoido alituma ujumbe wa neno moja: "Umeniumbua." Fundi alianza kuandika jibu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Mpaka leo hawajazungumza. Wakikutana kwa mama mkwe wanasalimiana kama watu waliokaa kiti kimoja safarini, na kila mmoja anawahi kuondoka.

Mama alifanyiwa upasuaji, akapona. Aliyempeleka kila miadi ni Fundi.

Mume wake alijitahidi. Aliomba radhi mara nyingi, na kwa dhati, na siku ya tatu Fundi alimwambia inatosha, amemsamehe. Hakudanganya. Aliendelea kupika, kucheka na watoto, kulala upande wake ule ule wa kitanda. Jambo moja tu ndilo lililobadilika, na mume alichukua muda kuligundua.

"Siku hizi hunihadithii kazi zako," alimwambia jioni moja. "Kesho una mkutano na nani?"

"Na watu fulani tu."

"Saa ngapi?"

Fundi alikunja nguo ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine. "Asubuhi," alisema, akaenda kuwaangalia watoto kama wamemaliza kuoga.