Viatu Visivyo na Vumbi

Kitu cha kwanza alichokiona Clarisse ni soli. Bienfait, mtoto wa jirani yake Fanny, alikuwa amekaa mkekani na viatu vipya miguuni, na soli hizo hazikuwa na vumbi hata chembe. Mji wote wa Mboko ni vumbi. Lakini Bienfait hakuwahi kutembea tangu azaliwe, vumbi lingetoka wapi?

"Mtoto asiyetembea, viatu vya nini?" Clarisse alijiuliza, akawa anageuza mihogo yake juani kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Alijua vilikotoka. Kuna mradi unaosaidia familia zenye watoto walemavu, na Fanny hupata falanga zake kwenye simu. Kwanza ilikuwa sabuni ya harufu nzuri, kisha mabati, sasa viatu. Naye Divine, binti wa Clarisse, alikuwa pale akilinda mihogo miguu mitupu.

Asubuhi hiyo Willy, mwandikishaji wa mradi, alipita kuaga. Kuandikisha kulikuwa kunaisha leo, naye anarudi mjini Baraka. Clarisse hakungoja hata salamu ziishe.

"Kaka Willy, munapatiaka bamoja tu? Baba Bienfait iko anachimba zahabu ku Misisi!"

Fanny akacheka bila furaha. "Zahabu gani, Mama Divine? Anarudiaka na matope tu. Kama viatu vinakuuma, twaa. Lakini na mwenye viatu utamubeba mpaka ku kanisa."

Willy alikuna kichwa. "Mama, hii ni ya batoto benye iko na shida. Wa kwako si iko muzima?"

Clarisse akamtupia Divine jicho.

Hapo kuku wakavamia mihogo. Divine alikuwa amewapa mgongo. Clarisse akainua mguu ili akanyage ardhi kwa nguvu, kama alivyozoea, mtoto ahisi mtikisiko na kugeuka. Kwa ujanja huo majirani walimsifu Divine kuwa ana adabu, haitwi kwa kelele. Lakini kabla mguu haujashuka, Bienfait alikwisha kupiga chini kwa fimbo yake, pu! pu! Divine akageuka, akafukuza kuku, akamchekea.

Kumbe Bienfait alijua. Basi na Fanny alijua. Clarisse alimtazama, na Fanny akainamisha macho, akaanza kufuta viatu vya mwanawe ambavyo havikuwa na vumbi. Alijua siku zote na hakumwambia mtu, hata leo alipochokozwa mbele ya mgeni.

Wivu ukampanda Clarisse upya, na safari hii haukuwa wa viatu. Mwenzake alibeba shida yake mgongoni mchana kweupe, akapita nayo barabarani, akaingia nayo kanisani. Yeye ya kwake aliificha hata kwa mama mkwe.

Willy alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Kaka Willy, zima kwanza."

Akazima.

"Divine hasikiake," Clarisse alisema. "Tangu nilimuzala, mutoto wangu hasikiake."