Njuga Ndani ya Fidla ya Hobart

Mgeni alifika asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka, wakati Verda Colley akichambua kunde za kupika kesho. Theluji ilikuwa imemeza sauti ya gari. Alisikia tu mtu akikung'uta viatu barazani, na alipofungua mlango akamkuta mzee mrefu, mwembamba, kofia imegeuka nyeupe, amekumbatia sanduku la fidla kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Nimeambiwa huku kuna mama anayetengeneza hizi," alisema. "Kilima chako hiki, nilidhani nakuja kufa."

"Kama ni kufa, ingia ndani ufie kwenye joto. Hapo barazani utanipa kazi ya kukuburuta."

Mzee alicheka. Alikuwa na meno mazuri kwa umri wake.

Alieleza kwamba alilala hotelini mjini, hewa ya chumba ikawa kavu kama ya tanuri, na alfajiri akakuta uso wa fidla umeachana na ubavu wake. Jioni hiyo angepiga kwenye dansi ya kuaga mwaka katika shule ya zamani ya Caney, na redio ya wilaya ingerusha kila kitu. Maisha yake yote ya muziki yalikuwa Tennessee; katika milima hii ya Kentucky hakuwa amepiga tangu ujana wake. Alipokuwa akiongea, Verda alitazama vidole vyake vilivyokuwa vya buluu kwa baridi, akamwonea huruma.

"Saa kumi na mbili utakuwa nayo mkononi," alimwambia, "na itaimba."

Wakapeana mikono. Bonde la Caney halina mkataba mwingine zaidi ya huo.

Kwa kawaida Verda hakuahidi lolote kabla ya kuitikisa fidla sikioni. Wateja walidhani ni namna ya kupima mbao. Kumbe alikuwa akimtafuta baba yake.

Hobart Colley alichonga fidla yake katika majira yale ya baridi Verda alipozaliwa, akatia ndani njuga za mkia wa nyoka, yule anayechakacha mkia kuonya kabla ya kuuma, aliyemuua mwenyewe shambani. Wapiga fidla wa kule walifanya hivyo ili sauti iwe tamu na panya wakae mbali. Verda alipokuwa Ohio, kwenye kiwanda cha matairi, kijana mmoja mwanamuziki alipita siku ya mwisho ya mwaka akaomba kuiazima kwa dansi moja tu. Hobart alikwisha kumpa mkono, kwa hiyo akampa na fidla. Kijana hakurudi.

Katika bonde lile kitu cha mtu hakivushwi mwaka. Siku hiyo ya mwisho utawaona watu njiani na mashoka, masufuria, ngazi, kila mmoja akirudisha alichoazima. Ndiyo maana Hobart alivaa koti lake kila mwisho wa mwaka, akakaa barazani ameikabili barabara. Jina la kijana hakulitaja kamwe. "Nikikutajia utamfuata," alimwambia binti yake, "na ukimfuata hutarudi ulivyo." Alikufa vidole vyake vikicheza juu ya blanketi.

Basi Verda alijifunza ufundi. Alijiambia kwamba kila fidla hupasuka siku moja, na ikipasuka hutafuta fundi. Wenzake walipoukaribisha mwaka kwa kuomba afya na mvua, yeye aliomba ufa.

Sasa aliinua fidla ya mgeni na kuitikisa. Ndani kulikuwa na mchakacho mkavu, mwepesi, kama nyasi zinazoonya.

Hakujiruhusu kuamini, maana wazee wengi walitia njuga. Alimwandalia mgeni bakuli la maharage na mkate wa mahindi, akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, fidla hii aliipata wapi.

Mzee alikuwa na hadithi yake, na ilionekana amekwisha kuisimulia mara nyingi. Ilimhusu mlevi mmoja wa milimani ambaye hakujua hata kushika upinde; akipiga, ungedhani paka kaangukia ndooni. Mlevi huyo alimbembeleza aichukue fidla ili majirani wapate usingizi. Watu hufa kwa kicheko hapo, alisema akipaka siagi. Huisimulia kila onyesho, kabla ya wimbo wa mwisho.

"Na huyo mlevi hakuwa na jina?" Verda aliuliza.

"Alikuwa nalo, nadhani. Limenitoka." Alilamba kidole. "Lakini fidla yenyewe ina jina. Limechomwa kwa msumari humo ndani. Verda. Labda mkewe. Labda nyumbu wake."

Verda alisema gundi aliyoipasha itapoa, akaibeba fidla hadi chumba cha kazi na kufunga mlango.

Aliingiza kioo kidogo kwenye upenyo, akamulika. Herufi za baba yake zilikuwa palepale, zimepinda, kubwa, za mtu aliyesoma majira mawili tu.

Kwanza aliwaza shoka. Lakini shoka lingemaliza mambo upesi mno, na yeye alikuwa amesubiri sana. Akachukua sufuria ya gundi ya ngozi, akaongeza maji mpaka ikawa nyepesi kama chai. Gundi ya namna hiyo ingeshika nyimbo mbili tatu za mwanzo. Kisha joto la jiko la ukumbini na mvuto wa nyuzi vingefanya kazi yao, na fidla ingefunguka kama mdomo, mbele ya wilaya nzima, redio ikisikiliza, kabla mzee hajafika kwenye kichekesho chake. Aliipaka akitabasamu. Akakaza kibanio cha kwanza, cha pili, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana.

Ndipo alipoutazama mkono wake wa kulia, umelowa ile gundi ya maji. Ulikuwa mkono uleule aliompa mzee asubuhi.

Baba yake aliipoteza fidla hii kwa sababu mkono wake ulikuwa na thamani. Kama wake hauna, basi mle nyumbani walikuwamo watu wawili wa aina moja, mmoja jikoni akila maharage na mmoja hapa akikaza vibanio.

Alifungua vibanio. Aliosha kiungo kwa maji moto mpaka mbao zikawa safi, akachemsha gundi mpya, nzito, akaanza upya. Hasira haikupungua hata kidogo; aliitumia kukazia vibanio.

Ilipofika saa kumi na mbili, giza limekwisha kuingia, aliiweka fidla mezani imefungwa nyuzi. Mzee akavuta upinde mara moja, na sauti iliyotoka ilijaza nyumba yote. Verda hakuwa ameisikia tangu usichana wake. Alishika ukingo wa meza.

"Mama, una mikono ya ajabu," mzee alisema. "Na hata jina hujaniambia."

"Verda."

Upinde ukashuka taratibu.

"Binti wa Hobart Colley," aliendelea. "Hakuonja pombe maisha yake yote. Na kupiga alijua. Wewe unalijua hilo vizuri."

Mzee alikaa. Alionekana mfupi ghafla. Akaisukuma fidla upande wa pili wa meza. "Ichukue. Nitawapigia simu, niwaambie naumwa."

"Huumwi. Nilikupa mkono kwamba itaimba leo, na itaimba. Mimi nitakaa benchi la mbele. Ukifika kwenye hadithi yako, safari hii yule mzee atakuwa na jina."

"Hobart Colley," alisema akiliangalia bakuli tupu.

"Kwa sauti, mzee. Kule kuna watoto wanalia."

Alilirudia. Kisha akauliza kwa unyonge, "Na dansi ikiisha?"

"Unajua desturi za huku. Kitu cha mtu hakivushwi mwaka."

Ngazi za baraza zilikuwa barafu tupu, kwa hiyo Verda alilibeba sanduku mwenyewe hadi garini. Chini ya kilima barabara iligawanyika. Kulia ilikwenda shule ya Caney, na kushoto ilikwenda Tennessee. Alilijua hilo, na alijua kwamba mtu huyu alikwisha kuondoka na fidla hii mara moja huko nyuma. Njuga zilichakacha gizani. Alilishikilia sanduku kwa muda kidogo, kisha akaliweka kwenye kiti kando ya mzee, akafunga mlango wa gari, na akarudi ndani kuchukua koti la baba yake, alivae aende kukaa benchi la mbele.