Kiungo Kimoja Tu

Usiku wa kuamkia hitima ya mama, ile tunayomsomea kila mwaka tangu afariki, niliota nimesimama kwenye foleni katika ofisi ya maneno, mkononi nimeshika karatasi yake ya pilau.

Karatasi hiyo ndiyo mapishi pekee aliyoniachia. Ameandika kwa penseli: "Mchele ukishaingia, maji, kiungo kimoja tu, ufunike." Kiungo gani, hakusema. Nikajua ni siri yake. Miaka sita nimejaribu kimoja kimoja: mwaka mmoja hiliki, mwaka uliofuata karafuu, halafu mdalasini. Mara pilau itoke bokoboko, mara iwe na kiini. Kaka yangu Shekue hula, akafuta mdomo, akasema kwa adabu, "Nzuri. Ila si ya mama." Maneno hayo huniuma kuliko kama angeitema.

Dirishani kinahudumu kinu cha kutwangia, kimevaa miwani.

"Shida yako?"

"Natafuta kiungo."

"Cha idara gani?"

"Cha mama."

"Mama si idara," kinasema kinu. "Na ujue utaratibu. Hapa mtu anachukua maana moja. Zilizobaki anazirudisha."

Kabla sijajibu, goti langu la kushoto linakohoa. "Kiungo ni mimi," linasema. "Nimekubeba tangu unatambaa, na leo unaulizia dirishani?"

"Lirudishe," kinasema kinu. Nalivua goti, naliweka kaunta. Linapigwa muhuri. Nabaki nimesimama kwa mguu mmoja, na hakuna kwenye foleni anayeshangaa.

Anaingia kijana wa jezi namba sita, viatu vina matope. "Dada, usihangaike. Mimi ndiye kiungo mkabaji. Nitie kwenye sufuria." Sufuria ipo, sijui imetoka wapi. Anajitosa mwenyewe na kuanza kuukaba mchele. Hakuna punje inayompita. Namshukuru, lakini namwambia mama hakuwa mtu wa mpira.

Ukutani yanatokea maandishi ya buluu yaliyopigiwa mstari, kama yale ya kwenye simu. "Kiungo ni mimi," yanasema. "Nibonyeze."

Nabonyeza.

Ofisi inakuwa jiko letu la Muheza. Betri za redio zimeanikwa dirishani zipate nguvu za taarifa ya habari, vilevile kama zamani. Mama amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, kanga yake ile ya zambarau ameifunga kifuani. Sikujua kama nilikuwa nimeikumbuka kiasi hicho harufu ya moshi wake.

"Umekonda," anasema, hainui kichwa. "Na goti umelipeleka wapi?"

"Nimelirudisha, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kalichukue. Vitu vya watu hivyo."

Nampa karatasi. "Mama, kiungo gani? Kesho wanakuja watu wote. Nimejaribu vyote."

Anaisoma. Anaisoma tena. Kisha anacheka mpaka mbuzi inatikisika. "Nyie mliosoma jamani!"

Anaushika mkono wangu, anakitia kidole changu cha shahada sufuriani, ncha inagusa mchele. Maji yanapanda mpaka kwenye kiungo cha kwanza, yanasimama.

"Hapo," anasema. "Kiungo kimoja. Maji yaupite mchele kiungo kimoja cha kidole. Yakizidi, bokoboko. Yakipungua, kiini."

"Na hiliki?"

"Hiliki ni hiliki. Nani kakukataza?"

Namba sita anachungulia ukingoni mwa sufuria. "Kwa hiyo mimi humu nafanya nini?"

"Toka mwanangu, unaloanisha viatu," mama anamwambia.

"Lakini kidole changu si chako," nasema. "Kama chako kilikuwa kifupi?"

"Hicho kidole ni cha nani basi? Si nilikutengeneza mimi?" Bado ameushika mkono wangu. Nataka asiuachie. Nataka maji yasichemke. Yanachemka, anafunika sufuria, na mimi naamka.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nilipapasa goti: lipo. Uani Shekue alikuwa anapasua kuni.

Ndipo nilipokiona kidole. Kilikuwa kimesinyaa kwa maji, kama cha mtu aliyefua kutwa nzima, lakini mpaka kiungo cha kwanza tu. Kutoka hapo kwenda juu, kikavu. Nilikipeleka puani. Bizari.

Nikakaa kitandani nikalia, kidole nimekiinua juu, nakipepea taratibu, halafu nikaacha kupepea, kisije kikakauka.