Makapi ya Mwaka Jana

Moto wa kukaushia kastanya hautakiwi kuonekana. Ukishaona ulimi wake, ujue umeharibu. Ndivyo Armida alivyomfundisha mkwewe Delfina tangu msimu wa kwanza alipoolewa kijijini Pradello, na Delfina akawa anakaa na moto ule kama mtu anayeuguza mtoto mwenye homa. Ukianza kutatarika, anachota makapi ya mwaka jana kwa koleo la mbao, anaufunika, unatulia, unabaki moshi tu. Moshi unapanda, unapenya fito za uchaga, unapita katikati ya kastanya, kokwa za miti ya mlimani ambazo ndizo unga wao wa mwaka mzima, zilizolundikwa juu yake, kisha unatokea kwenye mianya ya mawe ya paa la kibanda na kuelea juu ya miti. Huwa ni siku thelathini na kitu, ukiwa mwaka wa mvua hufika arobaini.

Mwaka ule zamu waligawana wao wawili tu. Mchana Delfina, usiku Armida, ambaye alisema usingizi ulishamhama siku nyingi, bora akae penye joto.

Oreste, mume wa mmoja na mtoto pekee wa mwingine, alikuwa Ubelgiji akichimba makaa ya mawe. Ulikuwa msimu wa tatu bila yeye. Aliondoka mwezi wa Oktoba miaka miwili nyuma, moto ukiwa umewashwa juzi yake, na katika barua yake ya kwanza aliandika kwamba basi lilipofika kona ya daraja aligeuka nyuma. Kijiji hakukiona, nyumba hakuiona, aliona moshi wa kibanda chao tu, akautazama mpaka mlima ukaumeza. Armida hakujua kusoma. Delfina alikuwa na madarasa matano ya pale kijijini, kwa hiyo barua zote zilipitia kinywani mwake, na maneno yale ya moshi alikuwa ameombwa kuyarudia mara nyingi hata karatasi ikachanika kwenye mkunjo.

Kiangazi cha mwaka ule Oreste akaandika tena. Sikukuu ya Mtakatifu Martino itanikuta nyumbani, alisema. Mningoje, gunia la kwanza nitalipiga mimi.

Pale Pradello gunia la kwanza la kastanya kavu hupigwa na mwanamume wa nyumba. Hulibamiza juu ya gogo mpaka maganda yapasuke, ndipo wengine waendelee na wanawake wapete. Kwa miaka miwili walikuwa wamemwazima mume wa jirani yao Zelinda, naye alilipiga kama mtu anayeua nyoka, nusu ya kastanya zikawa vipande. Armida alimshukuru, akampa divai, na alipoondoka akasema kwamba mtu yule hata mkewe humkumbatia kwa uoga.

Basi vuli ile wakaokota kwa haraka kuliko miaka yote. Asubuhi na mapema walikuwa msituni, wanakanyaga maganda ya miiba kwa viatu vya mbao yafunguke, wanainama, wanatupa vikapuni, vidole vimejaa miiba ambayo jioni waliitoa kwa sindano karibu na dirisha. Siku ya Marehemu Armida alichemsha kastanya, akaziacha mezani kwenye bakuli kwa ajili ya mumewe na wazazi wake, kama desturi. Delfina, bila kufikiri, akachukua bakuli la pili. Armida akamshika mkono.

"Hizi ni za wafu," alisema. "Wetu yuko hai. Atakula kwa mkono wake."

Martino, siku ya kumi na moja ya Novemba, akafika na divai mpya, akapita. Oreste hakufika. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Magari yalikuwa yakisimama darajani, wakishuka watu wa vijiji vingine.

Siku ya nne Delfina alipanda uchagani kwa ngazi, akachagua kastanya moja kutoka juu kabisa ya lundo, akaimenya, akaiuma. Ilivunjika kwa mlio, safi, nyeupe mpaka kwenye kiini. Zimekauka. Akabaki ameishikilia mdomoni. Alijua kitakachofuata: akisema tu, Armida atauzima moto, watamwita mume wa Zelinda na mikono yake ya kuua nyoka, na Oreste akija atakuta kibanda baridi na majivu, kama nyumba ambayo watu wake hawakumngoja.

Chini Armida aliuliza zikoje.

"Ndani bado zina ulaini, mama."

Armida alimtazama kidogo. Meno yalikuwa yamebaki mawili, na yote upande mmoja, kwa hiyo mambo ya kuuma aliyaacha kwa mkwewe. "Haya," alisema, "ziendelee."

Zikaendelea. Shida ilikuwa kinu. Kinu cha maji kilikuwa kimoja bondeni, na msagaji wake, Olinto, huwapigisha watu kura za zamu mwishoni mwa Oktoba. Zamu yao ilikuwa Jumatatu ya pili baada ya Martino. Anayeikosa huenda nyuma ya foleni, na nyuma ya foleni maana yake ni barafu kwenye mfereji, gurudumu limesimama, na majira yote ya baridi bila unga. Kila asubuhi Delfina alijiambia leo ndiyo ya mwisho, na kila asubuhi alipanda ngazi, akauma, akashuka na uongo wake.

Zelinda alipita na kikapu. Baada ya Martino msitu wa yeyote ni wa wote, kila mtu huokota mabaki anapotaka, na Zelinda aliyapenda zaidi mabaki ya habari.

"Shoga, wenzenu tumeshakula ugali mpya," alisema, akichungulia mlangoni. "Nyinyi mnakausha kastanya au mnachoma kokoto?"

Delfina alimjibu kwamba za kwao ni kubwa, zinachelewa.

"Kubwa kuliko zangu, na msitu ni mmoja? Haya. Akija huyo mnayemngoja, mwambieni alete nyundo ya mgodini, maana kwa meno hazitaliwa."

Delfina alicheka ili Zelinda aondoke. Jambo lingine ndilo lililokuwa likimsumbua. Kuni zilikuwa zikipungua upesi mno. Alikuwa amelegeza moto kwa makusudi, anaweka gogo moja pale ambapo zamani aliweka matatu, apate kuvuta siku bila kuunguza chakula, lakini rundo la ukutani lilizidi kushuka. Akadhani anachanganya hesabu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya zamu ya kinu, aliacha kibanda adhuhuri kwenda kukamua mbuzi. Njiani akakumbuka amesahau ndoo, akarudi. Armida, ambaye saa ile alipaswa kuwa kitandani, alikuwa amepiga magoti mbele ya moto. Alisukuma gogo ndani, akalifunika na makapi kwa mkono, polepole, kama anayemfunika mtu shuka. Mkono wake mwingine ulikuwa na kastanya. Akaitikisa sikioni. Ilipiga kelele ndani ya ganda lake, kavu kabisa.

Delfina alisimama mlangoni asijue aingie au aondoke.

"Meno sina," Armida alisema bila kugeuka, "masikio ninayo. Tangu wiki iliyopita zinalia kama kokoto."

"Mbona hukusema, mama?"

"Na wewe uliyeziuma, mbona hukusema?"

Delfina akaingia, akaketi kwenye kigoda. Macho yaliwatoka machozi wote wawili, na moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kueleza kitu.

Barua ililetwa jioni ileile na mtu wa posta, wakiwa bado kibandani. Delfina alisimama nayo karibu na mlango penye mwanga, akasoma kwa sauti. Ruhusa imekataliwa mpaka kiangazi. Watu ni wachache chini kule, hakuna anayeachiwa. Anaomba radhi kwa ajili ya gunia. Kikohozi kimepungua. Kisha akasoma salamu, kwa Zelinda na mumewe, kwa Olinto, kwa mbuzi, akaikunja.

"Umeruka mahali," alisema Armida.

"Nimesoma yote."

"Sauti yako ilijikwaa baada ya kikohozi. Nimekusikiliza miaka mitatu, mwanangu. Rudi hapo."

Delfina aliifungua tena. Akasoma kwa sauti ndogo. Nimepata chumba, Oreste aliandika. Kimoja, lakini kina jiko na dirisha. Kama mama anaweza kukaa peke yake, Delfina aje kabla ya Krismasi. Kama hawezi, msiniandikie kitu juu ya hili, nitaelewa.

Armida aliinuka, akachukua ndoo ya maji iliyokaa pembeni tangu Oktoba, akaimwagia moto yote. Ulilia kwa nguvu, ukafa.

"Nani atakaa hapa mchana?" aliuliza Delfina. "Mwakani nani ataokota?"

"Mwakani hujui kama nitakuwepo, wala mimi sijui. Kesho tunapura. Ukaoge, unanuka moshi kama nguruwe wa Krismasi."

Jumapili, baada ya misa, mume wa Zelinda alikuja amekunja mikono ya shati. Armida akamwambia akae, atapiga la pili. Gunia la kwanza akamkabidhi Delfina. Mume wa Zelinda alisema kwamba haijawahi kutokea. Armida akamjibu kwamba hata yeye kupiga gunia bila kuvunja kastanya haijawahi kutokea, na hakuna aliyemlaumu. Delfina alilishika kwa mikono miwili, akalipandisha begani, akalibamiza juu ya gogo, mara moja, mara ya pili, mpaka maganda yakaanza kupasuka na vumbi lenye harufu ya moshi likamwingia puani.

Walipomenya waliona. Zilikuwa za hudhurungi, si nyeupe. Jumatatu Olinto aliuchota unga kwenye kiganja, akauonja, akakunja uso.

"Armida, huu ni unga au kahawa?"

"Ingekuwa kahawa ungekuwa umeshainywa yote. Saga."

Ugali wake ulikuwa mtamu kwanza, kisha uchungu nyuma ya ulimi. Waliula siku zote walizobaki pamoja.

Makapi mapya Armida aliyakusanya mwenyewe, akayatia magunia manne, akayapanga kwenye pembe ya kibanda kwa ajili ya moto wa mwakani. Hata konzi moja lililomwagika alilifagia. Delfina alipochota kidogo kuwatandikia kuku, alifokewa.

Delfina aliondoka kwenda Ubelgiji wiki ya pili ya Desemba. Mfuko wa unga ulishonwa ndani ya blanketi usije ukapasuka. Armida hakumsindikiza hadi barabarani, alisema mbuzi ana tumbo. Alimbusu upande mmoja na mwingine, akamwambia amwambie Oreste unga umeungua kwa sababu yake, kisha akageuka kuelekea mlimani. Delfina alishuka peke yake, na mpaka basi linakuja alikuwa akijiuliza amekosa nini hata aagwe kama mtu anayekwenda sokoni.

Kwenye kona ya daraja aligeuka. Kijiji hakukiona, wala nyumba. Juu ya miti isiyo na jani moshi ulikuwa ukipanda, mzito, mweupe, moshi wa makapi mapya yaliyotiwa bila kipimo.

Mzee aliyeketi kando yake aliutazama pia. "Nani huyo anakausha kastanya Desemba? Zitaungua."

"Hakuna kastanya mle," alisema Delfina, na hakuondoa macho mpaka mlima ulipouchukua moshi ule.